Viti Viwili vya Kwenda Banalia

Jumatatu, 4 Juni 1956

Miezi saba sasa Clothilde yuko kwao Banalia. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi ya mzaliwa wa kwanza. Mtoto ana miezi minne. Sijamwona. Kuwarudisha ni lazima niende na mkubwa wa ukoo, anisemee mbele ya baba mkwe. Nimeahirisha mara nyingi. Nishuke ukweni kutoka kwenye lori la mihogo? Mimi, karani wa bandari? Hapana! Nanunua gari.

Jumatano, 6 Juni

Mzungu mmoja wa kahawa anarudi Ulaya. Anauza magari mawili, yote makuukuu, bei moja. La kwanza ni kamioneti, kilori chenye benchi nyuma. Nzima kabisa, ila inafanana na sanduku. La pili jekundu, la mashindano, halina paa, limezaliwa kabla ya vita. Mlango una kutu. Gia ya pili huingia ikipenda. Fundi Benoît alilala chini ya yote mawili, akainuka, akanishauri nichukue kamioneti. Mtu wa kamioneti huyo. Kisha nikamwona Cyprien, mwenzangu wa ofisini, analizunguka lile jekundu. Nikalinunua palepale.

Cyprien kachukua kamioneti. Namhurumia.

Jumamosi, 9 Juni

Nimelisugua tangu asubuhi. Vitambaa viliisha, nikachukua kitenge cha Clothilde kilichobaki msumarini. Nilikinusa kwanza. Kilikuwa bado na harufu yake. Sasa kinanuka grisi, nami sina tena cha kunusa. Lakini gari linang'aa. Tonton Zéphirin, mdogo wa marehemu baba, amekubali kunisemea kesho.

Jumapili, 10 Juni

Banalia. Matope mpaka kwenye nyusi. Tonton alishikilia kofia yake njia nzima. Nikapiga honi, watu wakatoka majumbani. Siku yangu!

Tonton alisema vizuri mno. Baba mkwe, papa Anselme, akakubali bila neno gumu. Alisema niwachukue leo hii, ila mke hukabidhiwa mbele ya yule aliyemsemea mume, na wote huondoka pamoja. Clothilde akatoka, amevaa viatu, mtoto mgongoni, sanduku mkononi. Akalitazama gari. Akanitazama mimi.

Papa Anselme akaniuliza polepole: "Mukwe, gari yako iko na viti ngapi?"

Viwili. Nilikuwa nimeuliza habari za kasi tu.

Tonton akasema: "Mimi sitabaki huku sawa muzigo." Haki yake. Mzee aliyekwenda kusema haachwi ukweni.

Clothilde hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinipa mtoto nimshike. Ni msichana, anaitwa Lucie. Akanikamata kidole, akakibana kweli. Kisha mama yake akamchukua, akavua viatu, akarudi ndani.

Kurudi, tonton alishikilia tena kofia yake. Machozi nilisingizia upepo.

Jumanne, 12 Juni

Cyprien amesikia. Mji huu hauna siri. Amekuja kuniambia kwamba Jumapili atatupeleka kwa kamioneti yake, bure, nafasi ni ya wote, hata mbuzi. Nikamjibu kwamba mke wangu hasafiri ndani ya sanduku. Akaondoka akitikisa kichwa. Wivu.

Alhamisi, 5 Julai

Dereva wa lori la Banalia ameleta neno la Clothilde. Anasema atapanda chochote, hata juu ya mihogo, mradi nije na tonton. Anasema mtoto ameanza kukaa mwenyewe.

Nilikwenda nyuma ya magunia, nikalia. Ameanza kukaa, na mimi sikuwapo. Nikanawa uso, nikamrudia dereva, nikamwomba amwambie Clothilde avumilie kidogo tu. Kuna Mgiriki huko Bafwasende anauza gari la bluu, la mashindano pia. Barua ya kulitaka nimeshaipeleka posta. Viti ni viwili, lakini wanasema ni vipana.