Kura za Mgonjwa wa Kibokoni

Jumamosi, 10 Mei

Daktari asema moyo wangu umechoka. Nikamwambia mimi ni mshabiki wa Tengesi tangu utotoni, ungekuwa haujachoka ningeshangaa. Hakucheka. Kijana mzuri, lakini hafuati kandanda.

Basi naandika kabla sijaondoka, nisije nikafa halafu Ziad, mwenzangu wa barazani, akajipa sifa zangu. Nitaungama kila kitu, hila zangu zote.

Habari yenyewe ni hii. Wataka kuuvunja uwanja wetu wa Mchangani. Uwanja pekee wa Tengesi! Kiti cha mwakilishi wa wadi kiko wazi, uchaguzi mdogo ni Alhamisi, tarehe 22, na Bwana Chirau, mwenye mabango makubwa kuliko nyumba yanapobandikwa, ameahidi kujenga pale maduka na maegesho ya magari. Maegesho! Kwetu Kibokoni, ambako hata mkokoteni hupita kwa kuomba radhi.

Sisi washabiki tumemsimamisha mgombea huru. Ni Thoya, golikipa wetu. Mimi ndiye mkuu wa kampeni. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, wadi moja haitanishinda.

Jumatatu, 12 Mei

Wadi yanishinda.

Mkutano wa kwanza, pale pale uwanjani. Umati mzuri. Thoya auza viazi karai, ana mikono kama sinia, na maneno machache. Nilikuwa nimemwandikia hotuba safi, yenye mwanzo, kiini na tamati. Akashika kipaza sauti, akasema hamjambo. Wakasema hatujambo. Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Mtu mmoja kwa huruma akamrushia chupa ya maji alainishe koo. Thoya akairukia, akaidaka hewani, akaanguka nayo kifuani. Makofi na vigelegele! Watu wakadhani ndiyo tamati, wakaenda zao.

Alama yetu kwenye karatasi ya kura ni glavu ya golikipa. Kina mama wauliza kama Thoya aahidi kuosha vyombo.

Ziad alikuwa amesimama pembeni akicheka mpaka kofia ikamdondoka. Ziad auza kanzu na kofia, na tumekaa baraza moja tangu tukiwa na meno. Naye ni Tengesi damu. Lakini Chirau amemwahidi duka la mbele, linalotazama barabara. Nilimwambia amewauza wachezaji wetu kwa mlango wa kioo. Akanijibu, "Yakhe, timu yenyewe haijafunga tangu Ramadhani." Huo ni uongo. Tulifunga moja. Ilikuwa kwenye lango letu, lakini tulifunga.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata! Nimepata!

Jana nilizidiwa kidogo, kizunguzungu cha uzee tu. Majirani wakaja kunitazama, kama ada. Bi Mona wa nyumba ya pili akanishika mkono, machozi yamlenga, akaniuliza kama nina neno lolote la kumuachia. Mimi bila kufikiri nikamwambia ampigie Thoya kura. Akalia. Akaapa. Akaenda kuwaambia wanawe.

Nani atamkatalia mtu anayeaga dunia? Wasia ni wasia! Mikutano ya nini? Kitanda changu ndicho jukwaa. Mgonjwa mmoja, kitanda kimoja, wadi nzima yapanda ngazi yenyewe.

Nimemwagiza Thoya, akizungusha viazi vyake, apite barazani akiwaambia watu kwamba Mwalimu Akil hali si nzuri. Thoya akauliza kama ni kweli. Nikamwambia kwa umri wangu ni kweli kila siku. Akatafakari, akasema, "Sawa, Mwalimu." Huyu atafaa sana bungeni.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa viatu vilijaa mlangoni mpaka barabarani. Nilijipaka poda ya Suhaila usoni ili nipauke. Suhaila ni binti yangu, ndiye anayenitunza, na ndiye mtu pekee duniani ninayemuogopa. Alinikuta na kioo. Akasema, "Baba, wajitia mgonjwa nawe ni mgonjwa kweli?" Nikakohoa.

Kila mgeni nimemshika mkono, nikafumba jicho moja, nikasema kwa sauti nyembamba: Mchangani... Thoya... glavu. Kila mmoja ameahidi. Wengine waliahidi kabla sijamaliza, ili wawahi kutoka.

Hakuna ajaye mikono mitupu. Supu ya mifupa, uji wa mtama, mkate wa sinia, mapapai, kuku wa kienyeji. Kumkatalia mgeni chakula chake ni kumvunjia heshima. Nakula kwa ajili ya uwanja.

Jumapili, 18 Mei

Ziad amekuja! Nilijua atakuja, ada yamlazimu. Chumba kimejaa watu. Akaketi upande wa kichwa changu, akainua mikono, akaomba dua ndefu kwa sauti ya mtu aliyekodiwa. Akaomba nipone. Akaomba nirejeshewe nguvu. Akaomba niishi mpaka nione kwa macho yangu maduka mapya ya Mchangani yakifunguliwa.

Chumba kizima: amin!

Nami ningefanya nini? Mgonjwa asiyeitikia dua ya afya yake? Nikasema amin. Nimefanyiwa kampeni juu ya kitanda changu mwenyewe, na nimeitikia!

Kisha akainama, akaninong'oneza, "Yakhe, mgonjwa gani huyu anukaye pilau?" Nikamwambia ni ya wageni. Akaondoa punje ya mchele kwenye ndevu zangu na kuitazama kwa muda mrefu.

Jumanne, 20 Mei

Msiba. Daktari amekuja, amenipima, amepima tena kwa mashine nyingine. Presha imeshuka. Moyo wapiga vizuri kuliko mwezi uliopita. Ameuliza natumia dawa gani. Suhaila akamwambia supu ya majirani mia.

Nimemsihi daktari asimwambie mtu. Akasema hajawahi kuona mgonjwa afichaye afya. Suhaila naye acheka jikoni, namsikia.

Hata hivyo hesabu ni nzuri. Kibokoni yote imeahidi. Uwanja umesalimika. Thoya amekuja jioni na viazi, ameketi, kisha akasema ile sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema: kwamba alijifunza kutembea pale Mchangani, na marehemu babake alikuwa akimtazama kutoka kwenye ukuta wa nyuma ya goli, na wakijenga pale hatajua asimame wapi. Nikala viazi vyote.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya kura! Suhaila amenikataza kutoka. "Baba, leo kazi yako ni kulala tu. Hiyo pia yakushinda?"

Yanishinda. Kura moja ni kura moja. Isitoshe, Ziad lazima atakuwa wa mwanzo kwenye foleni, na siwezi kufa nikijua alipiga kura mbele yangu. Suhaila alipoingia kuoga nikavaa kanzu nyeupe, nikashika mkongojo, nikashuka ngazi.

Ajabu, miguu ilikuwa myepesi! Sikumbuki nilipotembea hivyo mara ya mwisho. Nilifika shuleni, kwenye kituo cha kura, bila kupumzika. Foleni nzima ikageuka. Bi Mona akapiga kigelegele: "Mwalimu amefufuka!" Watu wakanikumbatia, wakanipeleka mbele. Nilimpita Ziad. Nilimpungia mkongojo. Nikaruka kidogo, nakiri, mara moja tu.

Nimempigia Thoya kura. Nimerudi na furaha kubwa. Suhaila hasemi nami.

Ijumaa, 23 Mei

Tumeshindwa.

Kwa kura chache mno, ndilo liumalo. Thoya alikuja akasimama mlangoni na glavu mkononi. Akasema, "Mwalimu, lilipita katikati ya miguu." Akaenda kukaanga viazi.

Nimepata ukweli barazani. Nilipopita pale shuleni nikiruka, Ziad aliwageukia watu wa foleni akawauliza kwa upole kama kuna ajuaye wasia huanza kazi lini. Mzee mmoja msomi akasema, hilo li wazi, wasia hauna nguvu mpaka mwenyewe afe. Ziad akasema, "Basi huyu hapa, alhamdulillahi, aruka." Foleni nzima ikashusha pumzi. Wakapiga kura kama walivyotaka.

Bi Mona amekuja kuomba radhi. Amesema yeye na wanawe wamemchagua Chirau kwa sababu ya maegesho, lakini nisiwe na wasiwasi: ahadi yake iko pale pale, nikifa tu atampigia Thoya.

Nilikwenda kuchukua kura moja, nikaipoteza Kibokoni yote.

Jumatatu, 26 Mei

Chirau asema tingatinga litaingia Mchangani baada ya Idi. Kabla ya hapo, sheria yataka kikao cha wananchi kutoa maoni. Wakazi wakiukataa mradi kwa wingi, itambidi arudi nyuma. Kumbe mechi ina dakika za nyongeza!

Suhaila ameniweka chini. Asema, Baba, watu hawapendi kulazimishwa. Waendee, kaa nao, wasikilize, waambie ukweli kuhusu uwanja. Thoya akizungumza kama alivyozungumza na wewe siku ile ya viazi, hata mawe yatasimama kumuunga mkono. Maneno mazuri sana. Nimemshukuru. Nimemwambia nimejifunza mengi.

Nimefikiri kutwa, na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa safi, mgonjwa ndiye hakufaa. Mimi nimeshaharibika, nimenenepa, watu wameniona nikiruka. Anatakiwa mzee mwingine. Mwenye jamaa wengi kunishinda, mwenye dua ndefu, na ambaye tangu aahidiwe duka hakuna atakayemshuku kuwa ni wetu.

Kesho asubuhi naenda dukani kwa Ziad kumwambia amekonda.