Nusu Saa kwa Baiskeli

Magunga,
14 Machi 1996

Kwa Dakt. Kerosi,
Mkuu wa Utafiti wa Huduma za Afya,
Homa Bay.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini u mzima na ofisi yote. Mimi si mzima sana. Miguu inaniuma, na ndiyo iliyonituma kuandika.

Kwa miaka saba nimekuwa msaidizi wako wa utafiti huku Magunga. Swali kubwa la fomu ni muda anaotumia mgonjwa kufika zahanati. Njia niliipima mara moja, kwa baiskeli ya ofisi, kwenye mteremko, nikapata nusu saa. Basi nyumba zote mia mbili na kumi na mbili nikaziandikia nusu saa, asije mtu akaonewa. Sasa mmemleta Bi Sheila na utaratibu mpya: kila nyumba irudiwe, nitembee na mgonjwa kwa mwendo wake, saa mkononi. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mimi ni mtu wa baiskeli. Tayari watoto wa shule wananiuliza kama nimefutwa kazi.

2. Wagonjwa wenyewe hawatembei ipasavyo. Mama Phelesia, mkunga wetu mwenye goti bovu, alisimama kusalimia watu, akakaa kupumzika, akangoja maji ya mto yapungue. Nilipomharakisha akaniambia, “Nyathina, mwanangu, hiyo saa yako inakimbia sana. Mguu ni yangu.” Tulifika baada ya saa tatu na dakika kumi. Bi Sheila anasema yote yahesabiwe, hata mto. Tangu lini mto ukawa utafiti?

3. Kompyuta yenu, ambayo haijawahi kukanyaga Magunga, imesema haiwezekani nyumba zote hizo ziwe nusu saa. Imesema kweli, lakini kuna namna ya kumwambia mtu mzima.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Kwa fomu zangu, sisi ndio tuliotokea kuwa karibu na matibabu kuliko wote, na zahanati mpya yenye chumba cha kujifungulia inataka kupelekwa Uriri. Niliona ni ushindi, hata soda niliwanunulia majirani. Leo nikibadilisha muda, watauliza ni nani aliyetaka kuwapokonya zahanati, na mimi ndiye niliyewanunulia soda.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, fomu zangu zisiguswe. Isogezwe zahanati, iwe nusu saa kutoka kila nyumba. Ikishindikana, sisi tuhame tuizunguke. Nyumba ya udongo hujengwa kwa wiki mbili, lakini takwimu zangu zimechukua miaka saba.

Wasalimie wote, dereva Okari na hata Bi Sheila, ambaye sina ugomvi naye ila anatembea haraka. Mke wangu Damaris anakusalimu pia. Mwezi wake wa kujifungua umefika, na anachoka hata kutoka jikoni.

Wako mtiifu, tena mchovu,
Nicanor Ochola

Nyongeza, 16 Machi: Nilichelewa kuiposti. Jana asubuhi Damaris alishikwa na uchungu. Baiskeli hakuweza kuipanda, kwa hiyo tulitembea kwa mwendo wake, Mama Phelesia akitufuata na goti lake. Saa nilikuwa nayo mkononi kwa mazoea. Saa mbili na dakika arobaini zilipita na mto hatujauvuka. Mtoto alizaliwa kando ya njia, mikononi mwa Mama Phelesia. Nililia kumshinda mtoto. Wote wawili wazima, na tumemwita Ayoo, jina letu la msichana aliyezaliwa njiani.

Nyumba namba 41 kwenye fomu zangu ni yangu. Damaris sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Tafadhali futa nusu saa, na kabla hamjaamua habari ya Uriri, ongezeni kisanduku ambacho hakipo kwenye fomu ya zamani wala mpya: “Hakufika.” Nyumba zilizobaki nimeanza kuzirudia leo, kwa miguu.