Mlingoti Wangu na Waya ya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Novemba
Habari nzito! Jumamosi klabu yetu ya redio inaingia mashindano ya masafa ya chini. Mshindi ni atakayenasa vituo vingi vya mbali. Tutatumia antena moja tu: ama mlingoti wangu wa mabomba, ama waya aliyotandaza jirani yangu Fundi Saa juu ya paa lake. Waya! Si ya kuanikia soksi hiyo? Keshokutwa Mwenyekiti atazipima. Mke wangu kauliza mbona sijafukia nyaya za ardhini, maana bila hizo mlingoti ni kiziwi. Nikajibu ardhi ngumu. Akasema mgumu ni mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Kuchimba ni kwa wasio na akili. Nimempigia simu shemeji yangu, anayeishi ng'ambo ya milima. Ndiye atakayesikiliza hewani na kutoa alama kwa simu. Nimemwelekeza: akisikia "antena A", asifu. Akisikia "B", agune. A ni yangu. Ameapa! Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jumatano, 5 Novemba
Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyeamini mtu, kaja na sarafu sebuleni kwangu, kebo za antena zote mbili zilipofikishwa. Kairusha. A imekwenda kwa Fundi Saa! Nikadai herufi yangu nimeizoea. Nikaambiwa nikae.

Tukaita kwa A, Mwenyekiti akimtajia shemeji herufi simuni. "Inanguruma kama radi!" shemeji akapiga kelele. Tukaita kwa B. Akaguna mguno mrefu, wa uchungu. Mwenyekiti akasema amezalisha maisha yake yote, hajasikia mtu akiguna hivyo. Kisha, kimyakimya, akachomoa kebo ya Fundi Saa na kuuliza tena simuni habari za A.

"Radi tupu!"

Wote wakanitazama. Nikatazama dari.

Alama za shemeji zikatupwa. Kikaombwa kituo kingine kisikilize. Waya ya Fundi Saa ikasikika vizuri. Mlingoti wangu, kimya kama kaburi. Basi, nimeshindwa.

Alhamisi, 6 Novemba
Fundi Saa kabisha hodi na jembe. Nikadhani amekuja kunicheka. La! Kasema waya yake inashika vituo vya jirani, lakini mbali haifiki. Mlingoti ukifukiwa nyaya utafika. Amemsihi Mwenyekiti tutumie zote mbili, naye kakubali. Akaanza kuchimba, huku akiimba puani. Nikaona haya, nikachukua sururu. Mke wangu kaleta chai. Viganja vimetoka malengelenge. Ila jioni ilikuwa tamu.

Jumamosi, 8 Novemba
Alfajiri. Mbingu inapauka dirishani. Mlingoti ukaanza kuongea! Sauti nyembamba kutoka ng'ambo ya bahari, ikitaja alama yangu ya wito, jina langu la hewani. Yangu! Fundi Saa akanishika bega. Yeye akanasa vituo vya karibu, mimi vya mbali. Klabu imetoka ya tatu kutoka mwisho. Hatujawahi kupanda juu kiasi hicho! Mwenyekiti katabasamu. Nina mashahidi.

Jumapili, 9 Novemba
Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nimetafakari kwa makini. Bila ujanja wangu, nisingeaibika. Nisingeaibika, Fundi Saa asingenihurumia. Asingenihurumia, asingeleta jembe. Kwa hiyo mpango ulifanikiwa mia kwa mia.

Sasa mke wangu anataka shimo jipya la taka. Nimempigia simu shemeji.