Kifungu cha Tisa na Kidonda cha Mgonjwa Mmoja

Jiko la Wazee,
Bertrams, Johannesburg.

Kwa Afisa wa Ruzuku za Huduma za Jamii,

Ndugu Afisa,

Naanza kwa kukuombea afya, maana mimi sina. Jina langu ni Khatibu Mbwana, mtu wa Tanga, umri miaka sitini na tisa, mwenyekiti wa kamati ya Jiko la Wazee. Kwa ruzuku yenu tunawalisha chakula cha mchana wazee arobaini na kupeleka wahudumu majumbani kwa wagonjwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hasira yangu haijui Kiingereza. Binti yangu Sumaiya atatafsiri. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kizulu, na nimemwonya asipunguze hata neno.

Lalamiko langu ni kifungu cha tisa cha mkataba wa mwaka huu. Kinasema kwamba kwa fedha ya serikali tusimnyime mtu kazi wala chakula kwa sababu ya rangi, dini, nchi alikotoka, au jinsia ya mtu anayempenda. Niliweka sahihi kila ukurasa kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha. Sasa nimekisoma mpaka mwisho, na ninazo hoja.

1. Orodha ni ndefu mno. Hapo kwenye rangi, dini na nchi tulipiga makofi. Mwaka jana, watu walipokuja getini wakitaka wageni tuondolewe kwenye foleni ya chakula, ni mimi niliyesimama na karatasi yenu nikawasomea kwa sauti mpaka wakatawanyika. Sheria nzuri sana ile. Ninachoomba ni kwamba ikome pale inapokoma kunilinda mimi. Mlango ulifunguliwa, nikapita, basi ungefungwa.

2. Tulikuwa na mhudumu, Fahad, kijana wa Unguja. Alikuwa akiogesha wazee wa kiume, akikata kucha, akifunga vidonda. Mwezi wa pili ikajulikana kwamba yeye na Gaston, fundi cherehani Mkongo wa Rosettenville, hawaishi pamoja kwa ajili ya kugawana kodi tu. Tukamfukuza. Mtaniuliza, alikosa nini kazini? Ndugu Afisa, hilo ndilo lililotuudhi. Miaka minne hakuchelewa, hakuiba, hakumfokea mtu. Mtu asiyekupa sababu ya kumfukuza anakutesa sana. Aliyepinga ni Bi. Mwatumu peke yake, mwenye miaka themanini na moja, tukamwambia yeye ni mgonjwa, si mjumbe.

3. Ofisi yako ikauliza tulitumia kipimo gani. Kwa kuwa sisi ni watu wa haki, tulikaa tukatunga kipimo, maswali matatu: unalala chumba kimoja na nani, mkeo yuko wapi, na ukiugua unamwita nani? Ili tuwe mfano, tulianza na wajumbe wenyewe. Adamu, katibu wetu, analala kitanda kimoja na binamu yake tangu walipofika mjini. Mkewe yuko Tanga, hajamwona huu mwaka wa sita. Akaanguka. Wa pili akaanguka, wa tatu vilevile. Mimi mwenyewe, kabla mama yake Sumaiya hajanifuata, nililala miaka tisa chumba kimoja na Roy, karani wa Kikenya, blanketi moja, na homa iliponishika nilimwita yeye, wala sijutii. Wajumbe saba, tukafeli sita. Aliyefaulu anaishi peke yake kwa sababu hakuna anayemvumilia. Nyani haoni kundule, lakini sisi tulilazimika kuyatazama kikaoni, na kumbukumbu zipo. Kwa hiyo tunaomba kipimo hicho kitumike kwa Fahad tu.

4. Nafasi yake tumempa mpwa wa Adamu, mwanamume kamili, wake wawili, watoto saba. Anafika saa tano, anatazama mpira kwenye simu, na bandeji anaibandua kama anayebandua tangazo ukutani. Bi. Mwatumu amegoma kula samaki, maana Fahad ndiye aliyekuwa akimtolea miiba. Na yupo mgonjwa mmoja, jina nalihifadhi, aliyepasuliwa jipu mahali ambapo barua ya serikali haipaswi kupataja, wala binti wa mtu hawezi kupahudumia. Kidonda kilikuwa kinafunga. Sasa kimeanza kunuka. Hata hivyo, maadili yamesimama.

5. Tunaogopa kesho. Leo mnatudai kazi na chakula, kesho mtatudai salamu. Tutalazimika kumwuliza Gaston hali yake! Ni kweli Idi iliyopita alitushonea kanzu kamati nzima, akatupima mabega mpaka vifundo vya miguu na hakuna aliyezimia, lakini wakati ule hatukuwa tumejua.

Kwa hoja hizo, naomba kifungu cha tisa kifutwe. Sumaiya ananiambia, "Eish, baba, jambo hilo limo kwenye katiba tangu sijazaliwa." Basi katiba nayo itazamwe upya mkipata nafasi.

Nisalimie wote ofisini, na yule mlinzi aliyenipa kiti.

Wako katika huduma,
Khatibu Mbwana, Mwenyekiti.

Nyongeza: Sumaiya amegoma kutafsiri mpaka niongeze ukweli. Mgonjwa wa hoja ya nne ni mimi. Jumatatu Fahad alikuja mlangoni kwangu, bila kuitwa wala mshahara, na mfuko wa bandeji. Adamu alikuwa amekaa sebuleni, nikafunga mlango. Fahad akauacha mfuko kizingitini akaenda zake. Naona haya, Ndugu Afisa. Mimi ndiye niliyemfukuza, sina uso wa kumwita. Basi kifungu msikifute. Niandikie barua kali kabla ya Ijumaa, uniamuru kwa kifungu cha tisa nimrudishe, na unitishie. Nitaisoma mbele ya kamati kwa uso wa huzuni. Muhuri uwe mkubwa, uonekane mpaka pale anapokaa Adamu.