Kisukari Changu cha Kujitakia

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa hasira. Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasikika hadi barabarani.

Mwanangu wa kwanza amekuja na mkewe, wamebeba boksi kwenye mfuko wenye barafu. Friji lao limeungua kwa huu umeme wa kukatika na kurudi. Langu halijaungua. Lina milango miwili, linagandisha barafu za juisi ninazouzia mtaa mzima, halijawahi kunitia aibu. Nikafurahi, nikadhani wameniletea nyama.

Kumbe sindano. Za homoni, za kutafuta mtoto. Nikamgeukia mkwe wangu kwa huruma, nikamwambia pole mwanangu, yataisha. Mwanangu akasema, "Mama, hizi ni zangu."

Zake! Mtoto aliyetembea kabla ya miezi tisa.

Akanieleza taratibu. Eti daktari amesema kichwani kuna tezi inayotakiwa kutuma amri huko chini ili mbegu zitengenezwe, na kwake yeye amri haitoki ipasavyo. Sindano ndiyo inayopeleka amri. Mara mbili kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Mbegu zikishaonekana, mkewe naye ataanza za kwake, za kukomaza mayai.

Mimi sikuudhika na huko chini. Ya chini anayajua Mungu. Nimeudhika na kichwa. Kichwa hicho kilishika namba moja darasani hadi la sita. Walimu walikuwa wananiita shuleni kunipongeza tu. Leo daktari ambaye hajawahi hata kumsikia akisoma kwa sauti anasema kichwa hicho hakitumi amri.

Masharti: rafu ya kati, si kwenye friza, si mlangoni. Na iwe siri, watakapotaka kusema watasema wenyewe. Nikaapa. Mzee, yaani mume wangu, alikuwa hapo hapo akikoroga chai yake, vijiko vinne vya sukari. Huyo hata nyumba ikishika moto atauliza kwanza kama chai imeiva.

Jumatano, 6 Machi

Mwenyekiti amekuja. Ni mama mzazi wa mke wa mwanangu. Anaitwa hivyo kwa sababu anaongoza kikundi chetu cha akina mama, pia anaongoza foleni yoyote anayojiunga nayo.

Joto lilikuwa kali. Nikasema nimletee maji. Akasema usijisumbue mkwe mwenzangu, akajifungulia friji mwenyewe. Friji langu. Akakaa mle kichwa ndani kwa muda, halafu akauliza hizo sindano ni za nani.

Nikawaza haraka. Nikisema za mwanangu, kesho nitaletewa wajukuu wake wengine wote wanisalimie mmoja mmoja kwa foleni. Nikisema za binti yake, binti yake ana simu, atampigia amuulize. Nikasema ni zangu. Za kisukari.

Akanitazama sana. Akaketi, akanishika mkono, akasema pole. Nakiri nilijisikia vizuri. Hajanishika mkono tangu siku ya harusi.

Alipoondoka nikalichana boksi, maana lilikuwa na jina la mwanangu, nikazihamishia sindano kwenye kopo tupu la siagi. Jioni mwanangu akaja kudungwa. Akauliza boksi liko wapi, nikasema limelowa. Mkewe akamdunga tumboni, chumbani kwangu. Nilitega sikio mlangoni, sikusikia hata mguno. Ushujaa huo kautoa kwangu.

Ijumaa, 8 Machi

Kikundi kizima kinajua nina kisukari.

Leo tulikuwa kwa mtunza hazina wetu, binti yake kahitimu. Chai ikaletwa, kikombe changu kikawekwa pembeni peke yake. Nikaonja. Maji ya majani. Nikaulizia sukari, wakaangua vicheko vya huruma. Keki ikapita mbele yangu, nikanyoosha mkono, mtunza hazina akanipiga kofi vidoleni. "Dada, unataka tukuzike?" Keki yenyewe ilikuwa na krimu ya rangi ya waridi. Nimechangia keki hiyo.

Haikuishia hapo. Mwenyekiti alinisindikiza nyumbani, akafungua kabati langu, akabeba sukari yote akaondoka nayo. Kwa usalama wangu. Kopo la Mzee halikuguswa kwa sababu anaficha lake chini ya kitanda tangu tulipooana. Nikamwomba kijiko kimoja. Akaniambia nimesikia unaumwa, mama, jitunze.

Na barafu zangu! Juisi huwa naionja kabla ya kugandisha, ndiyo siri ya kazi. Leo Mwenyekiti alikaa jikoni akinilinda nisilambe mwiko, nami nikatia sukari ya kuazima kwa kukisia. Jioni watoto wamezirudisha, zimeshalambwa. Mmoja kaniuliza kama zile ni za dawa.

Haya yote kwa ajili ya mwanangu, na hajui. Hii ndiyo kazi ya mama.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimetendewa unyama.

Mwenyekiti kaja asubuhi, Mzee ametoka. Akasema hanioni nikijidunga hata siku moja, akiniacha hivyo atakuwa amenitelekeza. Akasema alimdunga marehemu mama yake sindano za kisukari miaka mingi, mkono wake ni mwepesi. Nikasema nimeshadungwa. Akauliza na nani. Nikasema mwenyewe. Akasema kwa macho hayo?

Akaenda kwenye friji akarudi na kopo la siagi. Akashika sindano ya mwanangu, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole kama nina neno lolote la kumwambia kabla hajaanza.

Nilikuwa nalo. Lilifika hadi kwenye meno. Halafu nikauona uso wa mwanangu siku ile aliposema "hizi ni zangu", alivyokuwa anaangalia sakafu. Nikasema sina. Nikafunua tumbo, nikafumba macho.

Akanichoma. Inauma kuliko anavyojifanya mwanangu.

Sasa nimelala, nimeiba dozi ya mtoto wangu kwa tumbo langu mwenyewe. Daktari alisisitiza asiruke hata moja. Kama mjukuu wangu atachelewa kuja duniani, aliyemchelewesha ni mimi bibi yake. Nimelia. Mzee kaingia, kaniangalia, kaniletea chai. Haikuwa na sukari.

Jumapili, 10 Machi

Dawa imeanza kazi. Nimeamka nina kichefuchefu. Nikatamani udongo, kitu ambacho sijakitamani tangu mimba ya kitinda mimba wangu. Nikajitazama kwenye kioo, mashavu yanang'aa. Nikahesabu umri wangu nikaogopa. Nilipompitia Mzee sebuleni nikakaa mbali naye, kwa tahadhari.

Jioni mwanangu akaja na mkewe kwa ajili ya sindano. Kabla sijapata ujasiri wa kumvuta pembeni, Mwenyekiti akaingia na akina mama watano. Wamekuja kunifariji. Wamebeba majani machungu ya kuchemsha. Mtunza hazina akaanza kumlaumu mwanangu, eti mama yako anateseka na kisukari hadi tumembebea sukari yake, wewe huonekani.

Mwanangu akanitazama. Akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye friji, akarudi na kopo la siagi, akainua shati mbele yetu sote, akajidunga. Akasema, "Hizi ni zangu, mama zangu. Ni homoni. Tunatafuta mtoto, na tatizo liko kwangu, linatibika. Mama hana kisukari. Mrudishieni sukari yake."

Nilidhani paa litashuka. Halikushuka. Mtunza hazina akasema Mungu awatangulie, halafu akauliza hospitali gani, maana ana mdogo wake. Mwingine akauliza kama zinauma. Ndiyo hivyo tu. Siku tatu nzima nimekunywa maji ya majani kwa jambo ambalo watu walilipokea kama habari za mvua.

Nikashindwa kujizuia. Nikapiga magoti, nikamwambia mwanangu nisamehe, dozi yako moja iko tumboni mwangu, nimeshaanza hata kutamani udongo. Mwanangu akahesabu sindano za kwenye kopo. Hakuna iliyopungua.

Mwenyekiti akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaiinua. "Nilikuchoma na hii, mkwe mwenzangu."

Pini!

Akasema jina la mwanangu lilikuwa limeandikwa kwenye boksi, kubwa, alilisoma Jumatano kabla hajaniuliza. Akanyamaza kwa sababu hakuwa amepewa ruhusa ya kusema. Akasema alikuwa ananipa nafasi kila siku niache uongo, na kila siku nikaongeza. Halafu akamkumbatia mwanangu mimi nikiwa bado nimepiga magoti. Mwanangu mimi. Walicheka wote hadi Mzee, ambaye sijamsikia akicheka tangu tuhamie nyumba hii.

Wageni walipoondoka mwanangu akaninyanyua. Akasema anajua nilifanya kwa mapenzi, lakini yeye haoni aibu, na nikiona aibu kwa niaba yake ndipo inapomwingia. Mtu akiuliza tena niseme ukweli, au niseme sijui. Nikamuahidi. Safari hii kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 12 Machi

Wifi yangu kaja kutoka mbali bila taarifa, na sanduku. Ni dada yake Mzee. Wanawe wanazaa kama wanashindana, na yeye ndiye mtangaza matokeo.

Akafungua friji kutafuta maji. Sijui kwa nini kila mtu anafungua friji langu. "Wifi, sindano hizi za nani?"

Ukweli nilikuwa nao tayari. Nimeufanyia mazoezi tangu jana. Nikavuta pumzi. Wakati huo huo akasema, huku akimimina maji, kwamba mkwewe mdogo anategemea mapacha, tena bila hata kwenda kwa daktari.

Bila hata kwenda kwa daktari.

Nikasema ni za kaka yako. Kisukari.

Akaweka glasi chini, akaketi, akaanza kumlilia kaka yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia kaka yako hapendi kuongelewa ugonjwa wake, tumsaidie kimyakimya.

Saa hizi Mzee anazunguka nyumba na kikombe mkononi, anauliza nani kachukua kopo lake chini ya kitanda. Nimelikalia. Bado sijamwambia kuwa anaumwa.