Kisanduku cha Tatu

Ofisi ya Maamuzi Huru, Kolwezi, inawatangazia raia wote ushindi mkubwa wa sayansi: mwaka huu wa 1993, kati ya familia zote zenye asili ya Kasai zinazoondoka mtaa wetu wa Kapata, hakuna hata moja iliyofukuzwa. Wote wamechagua. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu mkurugenzi wa ofisi ni mimi, Kisimba, na fomu niliitunga mwenyewe.

Zamani nilikuwa karani wa majaribio mgodini. Waombaji wa kazi niliwapa vipande vya mbao wavipange, nami naangalia saa. Mgodi ulipodorora na ajira kukoma, nilibaki na mbao zangu na mafunzo ya wiki tatu ya saikolojia. Wakubwa wa jimbo wakaona nisipotee bure.

Saikolojia ni rahisi. Mwambie mtu "Toka!" atahuzunika. Muulize "Utatoka Jumatatu au Alhamisi?" ataanza kufikiri, na anayefikiri hana nafasi ya kulia. Ndiyo maana fomu ina visanduku viwili. Cha tatu, "Ninabaki", nilikiongeza kama pambo, kwa sababu chaguo moja lisilowezekana huyafanya mengine yavutie.

Wa kwanza kuja alikuwa Ngeleka, fundi wa kulehemu, kaka wa mke wangu Fidélie. Aliisoma fomu mara mbili, akatia alama kwenye kisanduku cha tatu.

"Bofrere, umekosea," nikamwambia.

"Apana. Umeniuliza, mi najibu. Nilizaliwaka apa Kolwezi, ku Musonoi. Kule Kasai sijue ata muntu moya."

"Lakini hicho ni cha mapambo."

"Basi unitilie kashe ya mapambo."

Muhuri, hiyo kashe aliyoitaka, ulikuwa mkononi mwangu. Kuupiga mara moja tu kungembakiza. Mamlaka hayo nilipewa kwa maandishi. Lakini Mheshimiwa Numbi, mwenyekiti wetu jimboni, alikuwa ameniahidi nyumba ya Ngeleka, yenye vyumba vinne. Nilipoikumbuka, mawazo yangu yakanyooka kwa kasi ya ajabu. Sijawahi kuona sayansi ikikubaliana nami haraka vile. Nikaandika: "Mhusika amechagua kubaki, kwa hiyo akili yake imechoka. Aondoke Alhamisi kwa faida ya afya yake."

Jioni Fidélie alikuwa anasonga bukari.

"Ijumaa tunahamia nyumba ya vyumba vinne," nikamwambia.

"Nyumba ya nani?"

"Ya kaka yako. Amechagua safari."

Akaendelea kusonga. Kwa mujibu wa mafunzo yangu, ukimya wa namna ile ni dalili ya kuridhika, nami nikala vizuri.

Jumatano foleni ilifika barabarani. Nilikuwa napiga muhuri bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Ngeleka Fidélie."

Nikainua kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama na furushi lake, amepanga foleni kama wengine.

"Fomu hii haikuhusu. Jina lako nililitoa kwenye orodha."

"Njo maana nimekuya miye mwenyewe." Akatia alama kwenye Alhamisi.

"Nani amekulazimisha?"

"Ata muntu."

Swali hilo limo kwenye fomu, na jibu hilo tulikuwa tumeliandika wenyewe mara mamia. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa jibu hilo kuwa kweli, na liliniuma hadi mifupani.

"Kunabaki swali la mwisho, tata," akasema, akiniita baba kama wanavyoniita wa foleni. "Usome. Bantu banangoja."

Nikasoma. "Je, unaondoka ukiwa na furaha?"

"Apana. Niko naenda na ndugu yangu."

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilipiga muhuri, naye akakunja karatasi yake, akaondoka bila kugeuka. Hapo nikaanza kulia mbele ya foleni nzima, mkurugenzi mzima na tai shingoni.

Mama Mado, aliyefuata, alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Alingoja kidogo, kisha akanisogezea fomu yake polepole.

"Pole, tata," akasema. "Ukimaliza, unitilie na miye kashe."