Kichwa Changu Juu ya Pipa

Jumatatu, 12 Mei 1873
Umeletwa mchoro mkubwa karakanani, umechorwa juu ya ubao tunaouchonga ili uchapwe gazetini: wahamiaji waliotoka kushuka melini, hapa hapa New York. Ubao ukafunguliwa boliti, ukawa vipande sita, kila mchongaji na chake, maana gazeti linatoka Ijumaa. Pfister, mchongaji mwenzangu, kapewa kipande chenye watu. Mimi? Mawingu. Tena!

Lakini ile sura nimeiona. Mwanamke kakaa juu ya sanduku, kanuna. Walburga! Mke wangu!

Nikiri. Barua yake ninayo. Meli iliingia Jumamosi, nikajificha. Miaka sita namwandikia kwamba mimi ni mkuu wa wachongaji, nina nyumba na bustani. Nina chumba kimoja juu ya zizi la farasi.

Jumanne, 13 Mei
Nimempelekea mkate kupitia mlinzi wa bandarini, kama jana na juzi. Nimemwonya asitaje jina langu.

Halafu wazo! Nijichonge nyuma yake, nimeinua maua. Gazeti likitoka, nitasema nilifika, tukapishana tu. Kichwa na maua vinaingia kwenye mawingu yangu. Kiwiliwili kiko upande wa Pfister. Nimemsihi anichongee. Akasema sawa kaka, usiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 15 Mei
Mshenzi! Vipande vimeungwa. Pfister kachonga pipa, kama lilivyochorwa. Kichwa changu kimeota juu yake. Bosi kauliza, “Ahrens, huyu mhamiaji au kabichi?” Watu wamecheka mpaka machozi. Muda wa kurekebisha hakuna. Gazeti limechapwa.

Ijumaa, 16 Mei
Nimekwenda. Walburga yuko pale pale. Kila aliyetaka kumpa pa kulala mjini, yeye alimjibu, “Mume wangu anakuja.”

Nikampa gazeti, akatazama picha. Akauliza kama wa kwenye pipa ni mimi. Nikaanza ile hadithi ya kupishana. Ikanishinda. Nikamwambia yote.

Akasema alijua niko karibu tangu mkate wa kwanza. Nani mwingine angeutoa ganda gumu kwa ajili ya jino lake bovu?

“Mwanaume wewe! Sikuvuka bahari kuja kuona bustani. Beba sanduku.”

Nimelia njia nzima. Sanduku zito, lakini si hilo.

Jumapili, 18 Mei
Chumba kimefagiliwa. Soksi zangu zimeshonwa. Walburga anawasalimia farasi wa zizini kwa majina. Nimemwapia: uongo basi, mpaka kaburini. Kanishika mkono, kanipa kalamu niwaandikie kwao kwamba kafika salama.

Nimeandika. Pale chini nikaongeza kidogo tu, kwamba tuna vyumba sita, na mama mkwe anakaribishwa wakati wowote.

Hakuna ubaya. Anaogopa maji yule, meli hawezi kupanda.